Dakika 19 nilizoongea na mzee siku tatu kabla hajafariki, na sikumbuki hata neno moja

Wakuu habari za jioni. Huu uzi utakuwa mrefu na naandika kwa simu bila kujipanga, mnivumilie. Nina miaka 43, ni fundi wa friji na AC hapa Dar, kwetu ni Kilimanjaro upande wa Marangu. Pombe nimeacha tangu Novemba 2020. Sijaja kumsema mtu anayekunywa, kila mtu na maisha yake, ila naona watu wakiongelea pombe wanaongelea hela, ini na ndoa kuvunjika, na yote ni kweli, lakini mimi kilichoniumiza kuliko vyote ni kumbukumbu na sijaona watu wakikaa kulizungumza hili kwa kirefu.

Jumamosi moja mwezi wa tano 2019 nilimaliza kazi ya kufunga AC tatu kwenye ofisi moja Kariakoo, nikalipwa keshi. Siku nzima nilikuwa nimekula chapati mbili na chai tu. Jioni tukaenda Sinza mimi na wenzangu wawili, tukaanza na bia, mbili, tatu, baadaye mmoja akaagiza mzinga wa pombe kali tugawane. Kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni yule dada wa kaunta anafungua kizibo na mimi namuuliza kama ana chaja ya simu. Baada ya hapo hakuna kitu. Nimeamka Jumapili saa nne asubuhi niko kitandani kwangu Kimara, viatu vimepangwa vizuri mlangoni, funguo juu ya kabati, hela iliyobaki ipo mfukoni haijapungua kiajabu. Mke wangu akaniambia ulirudi saa sita kasoro, umetulia kabisa, ukasalimia, ukala wali, ukaniuliza watoto wamelala saa ngapi, ukalala. Mimi ule wali siukumbuki.

Na sikushtuka, maana ilishakuwa kawaida yangu. Kijiweni tulikuwa tunaita kuzima, mwingine anasema mtandao ulikata, asubuhi mnakaa kwenye supu mnasimuliana nani alifanya nini jana, unasikiliza habari zako kama za mtu mwingine, halafu unaagiza moja ya kutoa loki siku inaendelea.

Jumanne saa kumi alfajiri dada yangu mkubwa akapiga. Mzee ameondoka usiku, usingizini.

Nikapanda basi la asubuhi. Tukiwa tumeshapita Chalinze tunaitafuta Korogwe nikaanza kuangalia simu, nilitaka tu nione mara ya mwisho tuliongea lini, nilikuwa na hisia ni kama wiki mbili zimepita hivi. Nikaikuta. Jumamosi saa 3:42 usiku, Mzee, amepiga yeye, dakika 19 na sekunde 8.

Nililiangalia lile jina mpaka Mombo. Nilikuwa najaribu kuvuta, yani nafumba macho najaribu kusikia hata salamu, hata kikohozi chake, maana mzee wangu alikuwa hawezi kuanza kuongea na simu bila kukohoa kwanza. Hakuna. Dakika 19 wakuu ni maongezi marefu, mzee wa miaka 78 aliyekuwa anaogopa vocha kuisha, hajawahi kuongea na mimi kwa simu zaidi ya dakika tano maisha yake yote. Siku hiyo kaongea 19 na mimi nilikuwa nimesimama mahali fulani Sinza nikimjibu. Nikashuka Himo mvua inanyesha, nikapandisha nyumbani na sikumwambia mtu.

Ngoja nieleze kidogo ya kwetu ili muelewe kilichofuata. Kwa Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndo anabaki na nyumba ya baba na kihamba, yani shamba la ukoo, kinachoizunguka, na mimi ndo wa mwisho. Kihamba chetu kimepakana na cha baba mdogo, wote waligawiwa na babu, na katikati kuna kipande chembamba chenye migomba na mistari miwili ya kahawa ambacho miaka yote hakikuwa na mpaka unaoeleweka. Yale masale (mmea wetu wa kienyeji, mmoja ni isale) yaliyopandwa kuonyesha mpaka yalishakufa sehemu kubwa. Mzee na mdogo wake hawakuwahi kugombana kwa ajili hiyo, ila kila mtu alijua siku mmoja akiondoka litakuwa swali.

Baada ya mazishi ukakaa ukoo. Swali likaja. Na dada yangu, kwa nia njema kabisa, akasimama akasema hilo lisiwasumbue, Jumamosi mzee alikaa barazani akasema anampigia kijana wake amweleze mambo ya mpaka yaishe, nilimsikia mwenyewe ameongea naye muda mrefu, mwishoni akamuuliza umeelewa, halafu akakata simu akasema haya, sasa nitalala.

Watu wote wakanigeukia. Wazee, shangazi, baba mdogo, mama yangu amekaa na kanga yake ya msiba.

Nikasema ndiyo, alinieleza, alisema mpaka unapita kwenye mfongo wa zamani.

Mfongo kwa wasiojua ni ule mfereji wa asili wa kumwagilia, wazee wa Kilimanjaro wamechimba mingi toka enzi na enzi kuleta maji kutoka juu mlimani. Wa kwetu ulishakauka zamani, tulikuwa tunacheza pale utotoni. Sijui kwa nini lilinitoka hilo, nadhani ndo alama ya kwanza iliyonijia kichwani. Na ukipimia kwenye mfongo, kile kipande chote kinakuja kwetu. Baba mdogo akakaa kimya muda, halafu akasema kama kaka amesema hivyo mimi sina neno. Kikao kikaisha, watu wakahamia kwenye ndizi na nyama.

Nimemtungia maneno marehemu baba yangu siku ya mazishi yake, na yakafuatwa kwa sababu yalikuwa ya mwisho.

Naendelea

Kuna mdau kauliza inakuwaje mtu aongee dakika 19, ajibu vizuri, ale, apange viatu, halafu asikumbuke, huenda nilikuwa nakumbuka najifanya. Mkuu hata mimi nilidhani hivyo, nilidhani iko mahali imejificha na siku moja itarudi, kwa hiyo nikaanza kusoma kila nilichokipata.

Nilichoelewa ni hivi. Kwenye ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi, ndo inayochukua kinachotokea sasa hivi na kukiweka akiba kikae. Pombe ikipanda kwa kasi kwenye damu ile sehemu inalemewa, inaacha kuandika, lakini sehemu nyingine bado zinafanya kazi. Unatembea, unaongea, unalipa bili, unatuma hela kwa simu, na unakumbuka kilichosemwa dakika moja iliyopita ndo maana maongezi yanaenda. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Donald Goodwin alifanya jaribio na wenzake likatoka 1970, waliwapa wanywaji wazoefu kumi whisky nyingi ndani ya masaa manne hivi, wakawa wanawaonyesha vitu, dakika mbili baadaye wanawauliza umeona nini, wanajibu vizuri. Wakiwauliza baada ya nusu saa, na kesho yake, nusu ya wale watu hawakuwa na kitu kabisa.

Kwa hiyo sio kusahau. Kusahau ni kitu kilikuwepo kikapotea, hiki hakikuwahi kuandikwa. Kuna kuzima kwa vipande vipande ambako mtu akikukumbusha kidogo unaokota baadhi, na kuna kule kwa moja kwa moja ambako hata ukumbushwe vipi hakuna cha kuokota. Kwangu kulikuwa huku kwa pili. Nilivyolielewa hilo nilikaa kwenye ngazi za jengo moja nilikokuwa natengeneza AC nikalia kama mtoto, maana miezi yote hiyo nilikuwa nasubiri sauti ya mzee irudi.

Na mnaosema mimi nalewa lakini naenda vizuri hata gari naendesha, kuzima hakutegemei umelewa kwa macho ya watu, kunategemea zaidi ilipanda kwa kasi gani. Tumbo tupu, pombe kali juu ya bia, kunywa haraka. Pigeni hesabu wenyewe, mzinga wa mililita 750 wenye 35% una pombe sawa na bia kumi na nusu za nusu lita zenye 5%, na sisi watatu tuliumaliza kabla ya saa tatu na nusu usiku, ambapo tumbo langu lina chapati mbili za asubuhi. Ini linaichoma pombe kwa mwendo wake, halisikilizi kahawa, maji ya baridi wala supu.

Lakini kilichonitisha zaidi kuliko hicho ni hiki. Kuna ugonjwa unaitwa Korsakoff, umepewa jina la daktari Mrusi Sergei Korsakoff aliyeueleza mwaka 1887. Unawapata sana watu waliokunywa miaka mingi huku hawali vizuri, mwili unakosa vitamini B1, ubongo unaharibika sehemu za kumbukumbu. Mgonjwa anakuwa na mapengo, na ukimuuliza jana ulikuwa wapi hasemi sijui, anakupa stori nzima, nilienda sokoni nikakutana na fulani, na hadanganyi, anaiamini mwenyewe. Ubongo umejaza pengo.

Mimi sina ule ugonjwa, nilipimwa na nashukuru Mungu. Lakini niliposoma pale nilisimama, kwa sababu mimi nilianza na uongo wa makusudi kabisa mbele ya ukoo, na baada ya kuurudia kwa dada, kwa mke, kwa shemeji, ulipofika mwaka nikaanza kumsikia mzee. Namsikia anakohoa, anasema "pale kwenye mfongo, umeelewa?" Ile "umeelewa" ni ya kweli, dada aliisikia. Mengine yote nimeyajenga mimi nikayashonea hapo, na sasa hivi ninavyoandika nikifumba macho bado namsikia akisema, kwa sauti yake, maneno ambayo nayajua kwa hakika kwamba niliyatunga. Hii ndo kitu nataka mtu aelewe. Nikiwa na pengo tupu walau ningesema hapa pana pengo. Sasa pana kitu cha bandia na kimekaa mahali pa baba yangu.

Naendelea tena, samahani nilipata wateja

Msije mkadhani nalaumu pombe za nyumbani. Nimekua mama yangu anapika mbege, ndizi mbivu zinachemshwa zinaachwa siku kadhaa, unachanganya na uji wa ulezi ulioota, na gome la msesewe kwa ajili ya ule uchungu. Mzee alikunywa kata yake jioni akiwa ameshakula, wakaongea na wenzake, na alikuwa anakumbuka nani alikopa debe la kahawa miaka ishirini nyuma. Mimi sikunywa hivyo. Nilianza nikiwa fundi msaidizi, enzi za viroba, kale kapakiti ka pombe kali unakaweka mfuko wa shati unakanyonya juu ya paa saa saba mchana jua linakupiga. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na ile wiki nilinunua vibapa, vile vichupa vidogo, badala yake, hapo ndo ningejua nina shida lakini sikujua.

Nyumbani kilichotokea nilikuja kukielewa baada ya kuacha. Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la nne mwaka ule wa msiba, nikawa naona hanisogelei jioni. Nikirudi anasalimia anaenda kulala. Asubuhi ndo anakuja pembeni ya kitanda anasema baba mwalimu kasema hivi, baba nimepata alama hizi, baba kuna hela ya mtihani. Nikawa nafurahi mtoto ana adabu ananiachia nipumzike. Kumbe alishajifunza kwamba kitu ukimwambia baba usiku hakipo. Alishaniambia vitu, nikamjibu vizuri tu, nikamwahidi, asubuhi nikamuuliza tena kama sijawahi kusikia. Mtoto wa miaka kumi akajipangia ratiba ya kuongea na baba yake. Hakuna aliyemfundisha. Mama yake alipokuja kunieleza hili mwaka 2021 nilitoka nje nikazunguka mtaa mzima.

Kuhusu kuacha, kuna mtu kaniuliza PM anataka aache kesho ghafla. Ndugu yangu kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usiache peke yako ndani ya chumba. Mwili ulioizoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku moja au mbili, na wengine siku ya pili ya tatu wanaanza kuona na kusikia vitu visivyokuwepo, joto linapanda, na watu wanakufa kwa hiyo hali. Nenda hospitali ya rufaa, kitengo cha afya ya akili, waambie ukweli unakunywa kiasi gani. Mimi nililazwa siku sita, walinipa dawa za kutuliza na sindano za hiyo vitamini B1. Nilipotoka nikaanza kuhudhuria kikundi cha watu wa Alcoholics Anonymous, yani walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hii ilianzia Akron, Ohio mwaka 1935, mnakaa tu kwenye viti mnaongea. Wana hatua 12. Ya nane inakutaka uandike watu uliowakosea, ya tisa uende kwao ukarekebishe, isipokuwa pale ambapo kwenda kutawaumiza zaidi. Karatasi yangu ilikuwa na majina kumi na moja na la kwanza lilikuwa la baba mdogo. Lilikaa mwaka mzima sijaligusa.

Sasa hivi nina kaunta buku. Kila nikiongea na mama kwa simu naandika baadaye mistari miwili mitatu. Mama kasema mbuzi kazaa. Mama kasema goti la kushoto linauma kukiwa na baridi. Mama kauliza kama mtoto bado anakohoa. Mke wangu alidhani nitaacha baada ya mwezi, sa hivi niko daftari la tatu. Mtu akinipigia jioni natoka nje naenda kukaa kwenye tofali chini ya mwembe namsikiliza mpaka amalize, hata kama ni mteja analalamika friji haigandishi.

Mwisho wa stori, wengi mmeuliza kama nilirudi kwa baba mdogo

Nilirudi Desemba 2021. Nilikata isale nikampelekea asubuhi kabla watu hawajaanza kuingia na kutoka, kwetu ukimpelekea mtu isale umeenda kuomba msamaha na ni jambo zito sana mtu kukataa. Akaliona mkononi kwangu kabla sijasema kitu, akaniambia kaa, una nini mwanangu.

Nikamwambia yote. Baa, mzinga, dakika 19, kikao, mfongo. Nilikuwa nategemea atafoka kuhusu shamba. Alinyamaza, akaniuliza swali moja.

"Kwa hiyo kaka alisema nini?"

Nikamwambia baba, sijui.

Akarudia. "Siku ile alisema nini?"

Sijui baba. Sijui na sitakuja kujua.

Akalichukua lile isale, akaliweka juu ya meza, akakaa analiangalia. Halafu akasema, "Miaka miwili na nusu nimekuwa na uchungu na kaka yangu. Nilisema, kweli ameniona mimi mwizi mpaka anakufa bila kuniambia usoni, anamwambia mtoto kwa simu." Akafuta macho na kiganja. "Kumbe hata hakusema."

Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Nilijua nimechukua migomba, sikujua nimemharibia kaka yake. Nilipiga magoti kwenye vumbi la jikoni kwake na shangazi akaingia akatukuta hivyo.

Alinisamehe, alisema hapo hapo na akarudia mbele ya ukoo jioni, na mimi nikasimama nikaeleza mbele ya wale wale niliowadanganya. Dada yangu hakuongea na mimi mpaka Pasaka. Mama alisema neno moja tu, kwamba mzee angenicheka kwanza ndo anipige. Nikamuuliza unadhani alisema mpaka uko wapi, akasema yeye hakuwahi kumuuliza, mambo ya mipaka yalikuwa ya wanaume.

Kile kipande hatujakigawa. Tulikizunguka mimi na baba mdogo siku iliyofuata tukitafuta visiki vya masale ya babu, tukapata vitatu, na havikai kwenye mstari mmoja. Tukaviacha. Akikata mkungu ananipigia kunijulisha, nikienda Desemba nikikata mimi namwambia, kahawa anaipeleka yeye tunagawana. Ndizi za pale ndo zilipikiwa mbege ya kipaimara cha mjukuu wake mwaka juzi. Kata ilizunguka ikanifikia, nikaipokea kwa mikono miwili, nikampa aliyekaa kushoto kwangu, baba mdogo akaniangalia kutoka upande wa pili akaendelea na stori yake, ya yeye na mzee walipokuwa vijana wakilinda zamu ya maji usiku kwenye ule mfongo. Niliiandika yote nilivyofika chumbani. Kurasa nne.